"Utafiti unasema": mwongozo kamili wa kulitafuta chapisho lenyewe, kulisoma, na kujua kama linakuhusu

Siku zilizopita niliandika kifupi tu kwamba ukiona meseji ya "watafiti wamegundua" usiisheye kabla hujauona utafiti wenyewe. Mkajaribu, mkakwama, na mlionirudia wengi mmekwama sehemu zile zile tatu. Kuna waliotafuta wakakutana na ukurasa unadai dola wakaacha. Kuna waliolipata chapisho wakaanza kulisoma kuanzia neno la kwanza kama gazeti, kufika mstari wa sita kichwa kinauma. Na kuna wa tatu, hawa ndo wananikosesha usingizi, walisoma sentensi ya mwisho tu wakaiamini yote, wakaenda nayo hadi kwa mgonjwa.

Kwa hiyo leo nakuja na ndefu, hatua kwa hatua, na kila hatua nitakwambia kwa nini ipo na utajuaje kwamba umeimaliza vizuri.

Nitatembea na mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho, mbegu ya parachichi. Meseji ilitua kwenye grupu letu la ukoo, herufi kubwa zote: WATAFITI WA CANADA WATHIBITISHA MBEGU YA PARACHICHI INATIBU KANSA YA DAMU, saga, kunywa kijiko asubuhi na jioni. Sisi kwetu ni Tukuyu, parachichi kule siyo kitu cha kutafuta, na mjomba wangu anaumwa hiyo hiyo kansa ya damu. Wiki ile nimeenda kwa mama mdogo nikakuta sinia la mbegu zilizokunwa kwa kikwangulio cha karoti, zile alizokuna asubuhi zilikuwa nyeupe na sasa zimeshageuka rangi ya chungwa kama kutu, na kwa mvua ya Tukuyu alikuwa anaingiza sinia ndani anatoa nje, anaingiza anatoa, siku nzima. Anampenda kaka yake. Sikuwa na haki ya kumwambia "huo ni uongo" wakati mi mwenyewe sijausoma utafiti, nikamwambia mama nipe mpaka kesho.

Hii hapa chini ndo kazi niliyoifanya usiku ule.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Simu janja au kompyuta. Simu inatosha kutafuta, ila kusoma majedwali kwenye kioo kidogo ni mateso, kama unaweza nenda stationery waprintie kurasa mbili tatu utakazohitaji.
- Bando la kawaida tu, chapisho moja mara nyingi halizidi MB chache.
- Daftari na kalamu, usitegemee kukumbuka.
- Programu ya kutafsiri kwenye simu, kwa maneno magumu moja moja, usiitumie kutafsiri chapisho zima maana itakupotosha kwenye namba na maneno kama "huenda".
- Saa moja na nusu mpaka mbili, mara ya kwanza. Ukizoea ni dakika ishirini.
- Mtu mmoja wa kumuuliza mwishoni: daktari, mfamasia, bwana shamba, mwalimu wa baiolojia, yeyote anayeijua fani hiyo.

Hela ya kununua chapisho haimo kwenye orodha, na haitakuwemo.

## Hatua ya 1: Iandike meseji kwa sentensi moja

Chukua daftari, andika meseji inadai nini, kwa sentensi moja yenye vitu vitatu: kitu gani, kinamfanyia nani, kinafanya nini. Yangu ilikuwa: "Unga wa mbegu ya parachichi, kwa mtu mwenye kansa ya damu, unamponya."

Kwa nini? Kwa sababu meseji hizi zimejazwa maneno ya kukutia hofu au matumaini mpaka husikii dai lenyewe. Ukishaliandika linakuwa kitu cha kupimika, na baadaye utaiweka sentensi hiyo pembeni ya kile watafiti walichofanya kweli, uone zinalingana wapi.

Ongezea chini yake dalili zozote za chanzo: nchi, chuo, mwaka, jina la jarida. Mimi nilikuwa na neno moja tu, Canada.

Umefanikiwa kama mtu mwingine akiisoma sentensi yako anaelewa bila kuiona meseji.

## Hatua ya 2: Litafute chapisho lenyewe

Hapa ndo wengi mnaanguka, twende taratibu.

Tafuta kwa Kiingereza, hamna namna, machapisho mengi yameandikwa hivyo. Maneno matatu manne yanatosha: kitu, ugonjwa, nchi au chuo. Usiandike sentensi nzima.

Sehemu za kutafutia ni mbili kubwa. Mambo ya afya nenda PubMed, ni hifadhi ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, bure kabisa, na karibu kila chapisho utakuta ikisiri yake, ile aya ya juu imeandikwa Abstract. Mambo mengine yote, mazingira, kilimo, mifugo, maji, nenda Google Scholar. Hiyo siyo Google ya kawaida, Google ya kawaida itakurudisha kwa wale wale waliotunga meseji.

Nilianza na "avocado leukemia Canada", na kwa kufuata majina nikafika kwenye chapisho la mwaka 2015 kwenye jarida la Cancer Research, watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo huko Ontario. Kitu walichochunguza wanakiita avocatin B, ni mchanganyiko wa mafuta unaopatikana kwenye parachichi. Kumbe meseji ilikuwa na mzizi wa kweli! Zingatia hilo, maana wengi mnadhani ukilikuta chapisho basi meseji imethibitika. Bado kabisa, ndo kwanza tumepata kitu cha kusoma.

Ukurasa ukidai hela. Usilipe. Ile hela inakwenda kwa mchapishaji, mtafiti aliyeandika hapati hata shilingi. Fanya hivi kwa mpangilio huu:

Kwenye PubMed angalia kama kuna alama ya "Free PMC article", bonyeza hapo, linafunguka lote. Kwenye Google Scholar angalia upande wa kulia wa jina la chapisho, kukiwa na neno PDF bonyeza, na chini yake kuna "All versions", fungua hapo uone kama nakala ya bure iko kwenye tovuti ya chuo cha mwandishi.

Ikishindikana, muulize mkutubi wa chuo au hospitali kubwa iliyo karibu nawe kama wameunganishwa na Research4Life. Huu ni mpango unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida bure au kwa bei ndogo, upande wa afya unaitwa Hinari na upande wa kilimo unaitwa AGORA. Watu wa Mbeya na Iringa mna vyuo vikuu mlangoni, mtumieni mkutubi, kazi yake ni hiyo na wengi wanafurahi kuulizwa.

Ikishindikana tena, muandikie mtafiti. Barua pepe yake mara nyingi huwa karibu na majina ya waandishi. Mistari miwili tu, jina lako na kwamba unaomba nakala ya chapisho fulani. Wengi wanajibu, mi nimeshatumiwa hivyo na watu nisiowajua kabisa.

Umefanikiwa kama daftarini kwako kuna: kichwa cha chapisho, jarida, mwaka, na ile namba ndefu inayoanza na 10 inayoitwa DOI. Hiyo DOI ni kama namba ya usajili wa gari, ukimpa mtu analipata chapisho hilo hilo na siyo ndugu yake.

Ukitafuta kwa nusu saa nzima, kwa maneno tofauti tofauti, na hamna kitu, simama hapo. Meseji isiyo na chapisho haina cha kupimwa, na mtu asiitumie kama dawa.

## Hatua ya 3: Hakikisha bado liko hai

Machapisho huwa yanafutwa. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa watoto 12 tu ambao watu waliutumia kusema chanjo ya surua inaleta usonji, likaja kufutwa mwaka 2010, na mpaka leo kuna wazazi wanaugusia. Jarida hilo hilo tarehe 22 Mei 2020 lilitoa utafiti wa dawa ya hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa korona, wagonjwa zaidi ya 96,000, hospitali zaidi ya 600, namba za kutisha. Watu wakauliza data ziko wapi, hazikupatikana za kuonyeshwa, tarehe 4 Juni likafutwa. Wiki mbili tu! Aliyeisheya tarehe 25 Mei na asiyerudi kuangalia bado anaamini hivyo.

Kwa hiyo tazama juu ya ukurasa kama kuna neno "Retracted". Angalia pia kwenye hifadhi ya Retraction Watch, inayoorodhesha machapisho yaliyofutwa, ni bure.

Halafu angalia limetokea wapi. Likiwa medRxiv au bioRxiv, hilo ni chapisho la awali, halijapitiwa na wataalamu wengine. Siyo kwamba ni baya, ila lisome kama taarifa ya mtu mmoja ambayo hamna jirani aliyeithibitisha. Na jarida usilolijua kabisa, hasa lile linalopokea kila kitu mradi umelipa, kama ni la bure kusoma liangalie kama limo kwenye DOAJ, ile orodha ya majarida ya bure yaliyokaguliwa, au muulize yule mkutubi.

La parachichi lilikuwa hai, jarida linaheshimika. Nikaendelea.

## Hatua ya 4: Nani alifanyiwa?

Kama una dakika tano tu za kusoma, zitumie hapa. Usisome chapisho toka juu kwenda chini. Soma ikisiri mara moja, halafu ruka moja kwa moja kwenye sehemu iliyoandikwa Methods, yaani jinsi walivyofanya, tafuta jibu la swali moja: walifanyia nani?

Kuna ngazi. Chini kabisa ni seli kwenye kisahani cha maabara. Juu yake wanyama, mara nyingi panya. Juu yake watu wachache, kuangalia usalama. Juu yake watu wengi waliogawanywa makundi na kulinganishwa. Juu kabisa ni uchambuzi unaokusanya tafiti nyingi za namna hiyo pamoja.

Kwa nini ngazi ni muhimu hivi? Kisahani hakina tumbo, hakina ini, hakina figo. Hata sabuni ya kufulia ukiimimina kwenye kisahani inaua seli za kansa, na hakuna anayeinywa. Swali gumu ni je, kitu kile kikipita tumboni, kikachakatwa na ini, kikafika kwenye damu, kitabaki kiasi cha kutosha kuua seli mbaya bila kuua nzuri? Kisahani hakiwezi kujibu.

Sasa lile la Waterloo. Walichukua avocatin B iliyosafishwa, wakaiweka kwenye seli za kansa ya damu aina ya AML, zikiwemo zilizotoka kwa wagonjwa, na wakaona zinakufa wakati seli za damu zenye afya zinabaki. Ni jambo zuri kisayansi, inaonyesha njia ya kutafuta dawa. Lakini hakuna mgonjwa hata mmoja aliyekunywa chochote. Hamna unga, hamna kijiko, hamna asubuhi na jioni. Kile kijiko alikiongeza mtu mwingine huko njiani.

Na kuna kitu kingine nilikiona usiku ule nikanyanyuka kwenye kiti: AML ni aina moja. Kansa za damu ni nyingi, na aina ya mjomba siyo hiyo.

Umefanikiwa kama unaweza kujaza sentensi hii: "Walifanyia ______, idadi yao ______, kwa muda wa ______." Ukishindwa kujaza nafasi hata moja, rudi kwenye Methods.

## Hatua ya 5: Walilinganisha na nini?

Mtu akikwambia alikunywa kitu akapona mafua baada ya siku saba, muulize asiyekunywa alipona baada ya siku ngapi. Utafiti ni hivyo hivyo.

Kwenye tiba, tafuta kama watu waligawanywa kwa bahati nasibu, neno ni "randomized", na kama mgonjwa na mtoa dawa wote hawakujua nani kapata nini. Bahati nasibu inazuia mtafiti kuwapa dawa wale wenye nguvu zaidi. Kutojua kunazuia matumaini yetu yasiingie kwenye majibu. Vikikosekana vyote viwili, lisome kwa tahadhari, hasa likisema kitu "kinahusishwa na" kingine. Kuhusishwa siyo kusababisha.

Kwenye mazingira huwezi kugawa mito kwa kura, kwa hiyo wanalinganisha kabla na baada, au juu na chini ya mto. Mfano wa kwetu kabisa ni mto Ruaha Mkuu. Kuanzia mwaka 1993 ukawa unakauka kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa ya Ruaha, na kila mtu alikuwa na wa kumlaumu, wengine ukataji miti milimani, wengine ng'ombe wa wafugaji wa Usangu, bonde la juu ya mto huo. Wafugaji wakaondolewa Usangu mwaka 2006. Lakini watafiti wa SMUWC, mradi wa kutunza ardhioevu ya Usangu, walikuwa wameshayapima maji kabla ya hapo, na walichokuta kikubwa ni maji yanayochepushwa kiangazi kwenda kwenye mifereji ya umwagiliaji. Familia zilihamishwa na ng'ombe wao. Ndo maana nasisitiza hii hatua, kosa la "kipi kimesababisha" linaweza kumhamisha mtu kwao.

Umefanikiwa kama umeandika makundi mawili yaliyolinganishwa. Kama kundi ni moja tu, weka alama nyekundu.

## Hatua ya 6: Zibadili asilimia ziwe watu

Hapa kaa, usikimbie, hata kama hesabu ulifeli shule.

Asilimia peke yake inadanganya bila kusema uongo. Nenda kwenye Results, yaani majibu, tafuta namba mbili za kila kundi: walikuwa wangapi, na yaliyowapata ni wangapi. Andika hivi kwa watu 1,000.

Tuchukue chanjo ya majaribio ya VVU iliyofanyiwa Thailand, majibu yalitoka mwaka 2009. Habari zikasema inakinga kwa asilimia 31. Ukifungua chapisho: waliopata chanjo walikuwa karibu 8,200, wakaambukizwa 51. Waliopata sindano isiyo na chanjo nao karibu 8,200, wakaambukizwa 74. Kwa watu 1,000 ni kama 6 kwa 9. Asilimia 31 ni kweli, na watatu kwa elfu moja ni kweli pia. Ni jambo lile lile, ila la pili linakuonyesha ukubwa wake.

Pembeni ya 31 utakuta mabano yenye namba mbili, 1.1 hadi 52.1. Hiyo ni kama kusema "ukweli huenda uko popote kati ya karibu sifuri na nusu". Mabano yakiwa mapana hivi, watafiti wenyewe wanakwambia hawana uhakika mkubwa. Mabano yakiwa membamba, shika kwa nguvu zaidi. Wengi mnayaruka haya mabano, naomba msiyaruke tena.

Linganisha na sindano ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili kwa mwaka, ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake vijana Afrika Kusini na Uganda, ikachapishwa 2024. Waliochomwa 2,134, aliyeambukizwa VVU hakuna hata mmoja. Waliopewa vidonge vya kila siku vya aina moja, 16 kati ya 1,068. Hapo huhitaji kuambiwa ni kubwa, unaiona. Ila sentensi yako ya hatua ya 1 ikisema "chanjo ya ukimwi imepatikana" inaanguka, maana lenacapavir ni dawa ya kinga, siyo chanjo, ukiacha kuchomwa kinga inaisha.

Na ukikuta utafiti umejibu "haikufanya kazi", usiuone umefeli. Hapa Mbeya kulikuwa na kituo cha PrEPVacc, utafiti uliojaribu chanjo mbili za VVU, washiriki zaidi ya 1,500 kwenye vituo vya Tanzania, Uganda na Afrika Kusini. Mwaka 2023 uchanjaji ukasitishwa kwa sababu kamati huru iliona hamna matumaini ya kuonyesha kinga. Wale ni majirani zetu waliojitolea mikono yao, na jibu lao limezuia wengine wengi kuchomwa kitu kisichokinga. Majibu ya namna hii hayasheyiwi kwenye magrupu, inabidi uyatafute mwenyewe.

Umefanikiwa kama daftarini kuna sentensi ya "kati ya watu 1,000". La parachichi halikuwa na namba ya watu kabisa, nikaandika sifuri.

## Hatua ya 7: Mapungufu na hela

Hii ni fupi. Karibu na mwisho wa Discussion, sehemu ya majadiliano, kuna aya ya mapungufu, tafuta neno "limitations". Watafiti wazuri wanajisema wenyewe pale. Halafu shuka chini kabisa, angalia nani alilipa. Ule wa lenacapavir ulilipiwa na Gilead, wenye dawa yao. Haimaanishi ni uongo, namba ziko wazi na zinakagulika, inamaanisha tu usome Methods kwa umakini zaidi na utafute wengine wasio na maslahi wanasemaje.

## Hatua ya 8: Liweke pamoja na wenzake

Chapisho moja ni shahidi mmoja. Rudi Google Scholar, chini ya jina la chapisho kuna "Cited by", bonyeza uone waliokuja baadaye walisemaje. Kwa tiba angalia Cochrane, wao kazi yao ni kukusanya tafiti nyingi za swali moja na kuzipima pamoja.

Kubadilika siyo udanganyifu. Mwaka 2005 nyani wetu wa Rungwe, kipunji, alitangazwa kwa ulimwengu kama spishi mpya, akawekwa kwenye jenasi, yaani ukoo wa spishi zinazokaribiana, ya Lophocebus, na ushahidi ulikuwa ni picha. Kisha mmoja akanaswa kwenye mtego wa mkulima, wakapata mwili wa kupima mifupa na vinasaba, mwaka 2006 akahamishiwa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamjua miaka yote, na jina la kipunji ni lao. Ushahidi uliongezeka, jibu likaboreka. Ukiona chapisho la mwaka 2005 na la 2006 yanapishana, soma la pili limeongeza ushahidi gani.

## Hatua ya 9: Linakuhusu wewe, hapa ulipo?

Utafiti unaweza kuwa kweli na usikuhusu.

Chanjo ya malaria ya R21 ilijaribiwa kwa watoto wapatao 4,800 Burkina Faso, Mali, Kenya na kwetu Bagamoyo, ikachapishwa 2024. Kinga ya mwaka wa kwanza ilikuwa asilimia 75 kwenye maeneo ya malaria ya msimu, na 68 kwenye maeneo kama Bagamoyo ambako malaria ipo mwaka mzima. Sasa mama wa Kyela, chini ziwani kwenye joto na mbu, faida anayoipata ni kubwa kuliko mama wa Mbeya mjini, mita kama 1,700 juu ya bahari, ambaye mtoto wake anaumwa malaria mara chache. Chanjo ni ile ile, kinachotofautiana ni idadi ya mbu.

Kwa wakulima wa viazi, mahindi, chai, hii hatua ndo inaokoa hela. Mbolea iliyofanya vizuri kwenye udongo wa mwingine inaweza isifanye kitu kwenye wako wenye tindikali. Kabla hujanunua mifuko kumi, chukua sampuli ya udongo, nenda TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, waulize walijaribu wapi na kwenye udongo gani.

Jiulize manne: umri unafanana? ugonjwa ni aina ile ile? mazingira yanafanana? kipimo walichotumia unaweza kukipata hasa, au unakadiria kwa kijiko?

## Hatua ya 10: Andika jibu la sentensi tatu, kisha mpelekee mtu wa fani

Usirudi kwenye grupu na maneno mengi wala usimshambulie aliyetuma. Sentensi tatu: walichofanya, walichokuta, na kile ambacho hawakukifanya. Yangu nilimtumia mama mdogo kwanza peke yake, kabla ya grupu, kwa heshima yake:

"Shikamoo mama. Watafiti wa Waterloo, Canada, mwaka 2015 waliweka mafuta yaliyosafishwa toka kwenye parachichi kwenye seli za kansa ya damu aina ya AML maabara, seli zikafa. Hawakumpa mgonjwa yeyote, na aina ya mjomba siyo hiyo. Hamna anayejua unga wa mbegu unafanya nini ukichanganyika na dawa anazokunywa sasa, kwa hiyo asinywe kabla ya kumuuliza daktari wake."

Ile sentensi ya mwisho ndo nilitaka aione zaidi, na wewe kwenye jibu lako usiiache, maana hatari kubwa haiko kwenye mbegu peke yake, iko kwenye mgonjwa kuacha dawa au kuchanganya kimya kimya bila kliniki kujua.

Ukienda kwa daktari beba ikisiri iliyoprintiwa na maswali matatu tu, maana muda wa chumbani ni mfupi: Je, kitu hiki kinagongana na dawa nilizonazo? Je, kuna utafiti wa watu wenye aina yangu ya ugonjwa? Nikiona dalili gani nirudi haraka? Mwambie ukweli kama ulishaanza kutumia, taja na kiasi.

Mama mdogo alinipigia jioni ile. Hakubishana. Aliniuliza hiyo AML inaandikwaje kwenye kadi ya kliniki, nikamwelekeza, akaenda kuichukua kadi ya mjomba kabatini akaisoma herufi moja moja kwenye simu, mimi nasikiliza mvua kwenye bati lake. Haikuwa AML. Akanyamaza kidogo, akasema ndaga, yaani asante, mwanangu, basi Jumatano nitaenda naye mwenyewe kliniki, hilo karatasi lako niprintie nakala mbili, moja ya daktari na moja nibaki nayo.